Vijiti Vinavyojipanga
Tukitandaza tabaka moja la vijiti vyembamba katika sinia la duara lenye kifuniko cha kioo na kulitikisa mfululizo, twatazamia vurugu tupu. Kumbe vikisongamana vya kutosha hulala sambamba, maana hivyo kila kimoja hupata nafasi zaidi ya kusogea. Lars Onsager alilionyesha jambo hilo kwa hesabu mwaka 1949, akizungumzia molekuli ndefu. Lakini vijiti vya pembeni huufuata ukingo, nao ukingo wazunguka. Hapo hubaki dosari, yaani mahali pasipo na mwelekeo, aghalabu mbili, zikisukumana hadi pande zinazokabiliana. Kutikisa zaidi hakuziondoi. Fuata ukingo: ukimaliza mzunguko, kijiti nacho kimegeuka duru nzima. Kila dosari hubeba nusu yake, kwani kijiti hakina kichwa wala mkia. Nusu duru yatosha kukirudisha kilivyokuwa.