Miguu inapokakamaa katika familia moja: si uchawi, nendeni mkapimwe

Je, nyumbani kwenu kuna mtu ambaye miguu yake imekakamaa, na sasa ndugu yake naye ameanza kujikwaa? Usikubali kuambiwa kwamba familia imerogwa. Huenda ni ugonjwa wa kurithi.

Nini hutokea mwilini?
Ndani ya mifupa ya mgongo hupita kamba laini ya mishipa ya fahamu. Ubongo hutuma amri kwa miguu kupitia humo. Katika ugonjwa huu, nyuzi ndefu zinazobeba amri hizo hudhoofika kuanzia mwisho wake, na kamba yenyewe huweza kuwa nyembamba. Ndiyo maana miguu hukakamaa huku mikono, mara nyingi, ikiendelea na kazi. Hali huzidi polepole, kwa miaka.

Mama asilaumiwe. Katika aina fulani, mzazi mmoja mgonjwa anaweza kumrithisha mtoto. Katika aina nyingine, wazazi wote wawili ni wazima, lakini kila mmoja amebeba kasoro bila kujua. Hapo kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua.

Je, si konzo?
Wengi waliotoka Kongo wanaijua konzo. Hiyo hairithiwi. Huletwa na sumu ya mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, hasa pale chakula kingine kinapokosekana. Hupooza miguu ghafla, kisha haizidi. Watu wa nyumba moja huugua kwa sababu wamekula chungu kimoja. Loweka mihogo siku tatu au zaidi, kisha ianike ikauke kabisa.

Uende wapi?
Anzia Kituo cha Afya cha Dzaleka, kinachohudumia wakimbizi na wenyeji. Ikihitajika, unaweza kupewa rufaa hadi hospitali ya wilaya Dowa au Kamuzu Central Hospital, Lilongwe. Eleza miguu ilianza lini na nani mwingine katika ukoo anaugua. Usikae nyumbani ukikisia: hata kifua kikuu cha mgongo hupooza miguu, nacho hutibika. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukizuia, nenda siku hiyohiyo.

Ugonjwa wa kurithi bado hauna dawa ya kuuponya. Lakini mazoezi ya viungo, magongo na dawa za kulegeza misuli humsaidia mtu kuendelea kutembea. Mtoto wako asifichwe ndani. Mpeleke apimwe, kisha arudi shuleni.