Tunda la Florida, gome la muiri na soko la upara

Kuanzia Agosti hadi Oktoba, vibarua wa Florida, Marekani, huingia vichakani na magunia kuchuma tunda jeusi la ukubwa wa zeituni. Mti wake, saw palmetto, ni mfupi, wa ukoo wa mnazi na mkindu. Vikonyo vya majani yake vina meno kama ya msumeno, na nyoka hujificha humo humo. Malipo ni kwa uzito. Tangu 2018, jimbo hilo linataka kila mvunaji awe na kibali, maana tunda hilo ni chakula cha dubu na wanyama wengine wa porini.

Kinachosakwa ni mafuta yake. Katika upara wa kurithi, kimeng'enya mwilini hugeuza testosteroni kuwa DHT, homoni inayosinyaza vinyweleo. Maabarani, mafuta ya tunda hili hukizuia kimeng'enya hicho. Biashara ya vidonge vya upara imejengwa juu ya hoja hiyo.

Baadhi ya vidonge hivyo huongezwa gome la mti wa Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri. Hapo ndipo Afrika inapoingia sokoni: Kamerun, Kongo, Uganda, Madagaska. Gome lilianza kutafutwa Ulaya kwa dawa ya tezi dume. Mti ukibanduliwa shina lote hufa, ndiyo sababu tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mwanakijiji huuza gome. Faida nono hubaki kwa anayelikamua na kulifungasha.

Je, nywele huota? Mwaka 2012, watafiti wa Italia waliwafuatilia wanaume 100 kwa miaka miwili. Waliopata nafuu kwa miligramu 320 za saw palmetto kwa siku walikuwa asilimia 38. Kwa finasteride, dawa ya hospitali, asilimia 68. Halikuwapo kundi lililopewa kidonge kitupu, kwa hiyo hata hiyo 38 ipokelewe kwa tahadhari.

Kisheria, tangu 1994 virutubisho kama hivi Marekani huuzwa bila kuidhinishwa kwanza kama dawa. Bei ya tunda ikipanda, wajanja huchanganya mafuta ya nazi au mawese, ambayo vipimo hafifu haviyabaini.

Mnunuzi, dai cheti cha maabara kabla ya kufungua pochi, na umwone daktari wa ngozi kwanza: si kila nywele inayokatika imekatwa na homoni.