Mwalimu anapojisikiliza: Somo la matamshi kutoka Macalder

Mwaka wa kwanza niliofundisha Kiswahili Macalder, katika Kaunti ya Migori, niliamini kuwa tatizo la matamshi lilikuwa la wanafunzi peke yao. Kisha nikajifunza kutengeneza rekodi za sauti za kutumia darasani. Nilisoma sentensi kumi kwenye simu, nikaketi katika chumba cha walimu kujisikiliza. Sentensi ya nne ilikuwa: “Abiria alishuka kwenye matatu.” Simu ikanirudishia: “Abiria alisuka kwenye matatu.” Nikarudia. Ikawa vilevile. Yaani abiria wangu alikuwa anasuka nywele au mkeka, hajafika kituoni!

Hilo halikuwa kosa la simu. Lugha yangu ya kwanza ni Dholuo, na Dholuo haina sauti /sh/, /z/ wala /v/. Msemaji anapokutana na sauti asiyokuwa nayo, huikimbilia ile iliyo jirani. /sh/ na /z/ hugeuka kuwa /s/, nayo /v/ hugeuka kuwa /f/. Katika Kiswahili tofauti hizo hubeba maana: shuka na suka, zana na sana, zaa na saa, vaa na faa. Kwetu karibu na Ziwa Victoria, jozi inayochekesha zaidi ni vua na fua. Mtoto akisema babake “anafua samaki”, darasa zima linacheka, ingawa nusu ya wanaocheka nao wangesema vivyo hivyo.

Ugumu zaidi umo katika sauti ambazo tunadhani tunazo. Macalder inajulikana kwa uchimbaji wa dhahabu, kwa hiyo neno “dhahabu” liko midomoni mwa watu kila siku. Dholuo huandika “dh” na “th”, na hata jina la lugha yenyewe linaanza na “dh”. Lakini katika Dholuo hivyo ni vipasuo vya meno: ulimi huziba hewa kabisa, kisha huiachilia ghafla. Katika Kiswahili hivyo ni vikwamizo: ulimi huacha upenyo mwembamba na hewa hupita ikikwaruza. Herufi ni zilezile, sauti ni tofauti. Kipimo chake ni rahisi. Kikwamizo unaweza kukivuta hadi pumzi iishe, ilhali kipasuo hakivutiki.

Mambo haya nilikuwa nimeyasoma chuoni na kuyafaulu kwenye mtihani. Hata hivyo, mtu hujisikia anavyokusudia kusema, hajisikii anavyosema. Hapo ndipo rekodi inapomfaa mwalimu kuliko ubao. Inaturudishia sauti ilivyotoka, na inarudia mara ishirini bila kuchoka wala kukasirika.

Nilianza vibaya. Nilitengeneza video ndefu yenye picha na muziki, nikaituma kwa wazazi kwenye WhatsApp. Mzazi mmoja aliniambia waziwazi: “Mwalimu, hiyo kitu imekula bando yangu yote.” Tena muziki ulizifunika sauti zilezile nilizotaka zisikike. Nikaacha video na kubaki na sauti tupu, ambayo faili yake ni ndogo na inaweza kupitishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth bila gharama. Kila faili ilibeba jozi moja ya maneno, dakika moja tu: neno, kimya cha kumpa mtoto nafasi ya kurudia, kisha sentensi. Nilirekodi alfajiri, kabla ya kelele za mchana kuanza na wakati hakuna mvua juu ya mabati.

Likabaki swali zito: sauti ya nani iwe kielelezo? Nilijaribu kujirekebisha kwa nguvu, nikaanza kusema “shamaki” na “shasa”. Wanaisimu huuita usahihishaji wa kupita kiasi. Mtu anapoogopa kukosa /sh/, huipachika hata pasipohitajika. Mwishowe nilimwomba mwalimu mwenzangu aliyekulia Kwale asome maneno hayo. Nami sikuifuta rekodi yangu ya kwanza. Niliipeleka darasani na kuwaambia watoto wanitafutie makosa.

Walicheka sana. Msichana mmoja aliyekuwa hasomi kwa sauti hata akibembelezwa aliinua mkono na kuuliza, “Mwalimu, kumbe hata wewe?” Wiki hiyo alisoma. Aliendelea kusema “samba” kwa muda, lakini alisoma. Sidhani ningempata kwa njia nyingine.

Baadaye watoto nao walitaka kujirekodi. Hapa mwalimu asikimbie. Sauti ya mtoto ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Tuliiomba kwanza. Rekodi zilisikilizwa darasani, kisha zikafutwa.

Serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka wa 2016, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 unataja ujuzi wa kidijitali kuwa mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi. Ni hatua nzuri. Lakini kifaa si somo. Maudhui yanayotengenezwa Nairobi kwa ajili ya nchi nzima hayawezi kujua kuwa mtoto wa Nyatike anahitaji jozi ya vua na fua, ilhali mtoto wa kwingineko ana sauti nyingine zinazomtatiza. Anayejua ni mwalimu aliye mbele yake.

Kwa hivyo, ndugu mwalimu, usingoje studio. Chukua simu uliyo nayo, andika sentensi kumi zenye sauti zinazosumbua katika eneo lako, uzisome, kisha ujisikilize peke yako kabla ya kumsahihisha mtoto yeyote. Lafudhi ya nyumbani si aibu. Kinachohitaji kurekebishwa ni pale maana inapopotea. Nami bado najirekodi kila muhula. “Alishuka” sasa yatoka sawasawa. “Dhahabu” bado naifanyia kazi.