Mnyauko Bakteria: Maradhi ya Nyanya Yanayokaa Udongoni

Mnyanya unaponyauka mchana hali majani yake yangali mabichi, ukachangamka kidogo jioni, kisha ukafa baada ya siku chache ilhali udongo haujakosa maji, aghalabu chanzo si ukame wala wadudu wa majani, bali ni bakteria waishio udongoni waitwao kitaalamu Ralstonia solanacearum, ambao mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Marekani, Erwin F. Smith, aliwaeleza mwaka 1896. Ugonjwa wanaoueneza huitwa mnyauko bakteria, na hushamiri zaidi katika maeneo ya joto yenye mvua.

Bakteria hao huingia kupitia majeraha ya mizizi, ambayo husababishwa na jembe la palizi, na mche kung'olewa kitaluni kwa pupa, au na minyoo fundo, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo huingia mizizini na kuifanya iote vinundu. Wakishapenya huelekea kwenye mirija inayopandisha maji hadi majanini, wakazaliana humo na kutoa ute mzito unaoiziba, hata mmea ukafa kwa kiu ukiwa umesimama katika udongo wenye unyevu. Kwa hiyo dawa inayonyunyiziwa majani haiwafikii, na mmea ulioambukizwa hauponi. Fedha inayoachwa katika duka la pembejeo kwa ajili ya kuuokoa ni fedha iliyopotea.

Kabla ya hatua yoyote, ni lazima ugonjwa utambuliwe, na kipimo chake hakihitaji maabara. Kipande cha shina kilichokatwa karibu na ardhi huning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi, ncha yake ikigusa maji. Iwapo baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zitateremka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Nyuzi zisipoonekana, majani ya chini yakawa yalitangulia kuwa ya manjano, na ndani ya shina mna michirizi ya kahawia, hapo hushukiwa mnyauko wa fuzari, ambao huletwa na ukungu. Tofauti hiyo ina uzito wake dukani, kwa maana herufi VF katika jina la mbegu kama Roma VF huonyesha kwamba aina hiyo inastahimili vetisili na fuzari, ambazo zote ni kuvu, na wala hazitoi ahadi yoyote kuhusu bakteria.

Ushauri wa kawaida ni kubadilisha mazao, yaani kuliacha tuta kwa miaka kadhaa bila mmea wowote wa jamii ya nyanya, na badala yake kupanda mahindi, vitunguu au kabichi. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwani bilinganya, pilipili hoho, viazi mviringo, nyanya chungu na hata mnavu ni wa jamii hiyo hiyo, na anayeng'oa nyanya akapanda mnavu hajabadilisha chochote machoni pa bakteria. Aidha, bustani ya nyumbani mara nyingi ina matuta mawili au matatu tu, na maji yanayotiririka kutoka tuta moja hadi jingine, pamoja na jembe lisilooshwa, huyafanya yote kuwa tuta moja. Mmea mgonjwa hung'olewa pamoja na udongo ulioshika mizizi yake, na kamwe hautupwi kwenye shimo la mboji.

Udongo wenyewe unaweza kupashwa joto kwa jua, mbinu ambayo Jaacov Katan na wenzake wa Israeli waliichapisha mwaka 1976: tuta husawazishwa, hunyweshwa maji mengi, hufunikwa kwa nailoni angavu iliyofukiwa kingo zote, na huachwa hivyo kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali. Nailoni nyeusi haifai sana kwa sababu hulinyonya joto yenyewe badala ya kulipitisha. Hata hivyo joto hilo huwa kali karibu na uso wa ardhi tu, na bakteria walio chini zaidi husalia, kwa hiyo mbinu hii hupunguza maradhi bila kuyamaliza.

Udogo wa bustani, ambao ni kikwazo katika kubadilisha mazao, una faida yake pia, kwani mwenye miche 10 anaweza kuipanda katika ndoo au viroba vilivyojazwa udongo wa mahali pasipowahi kulimwa jamii hiyo, na kuviinua juu ya mawe ili mizizi isipenye chini. Njia nyingine ni kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha nyanya na shina la bilinganya lenye mizizi inayostahimili bakteria, kazi ambayo Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao makuu Taiwan na ofisi Arusha, kimeieneza kwa muda mrefu. Si kila bilinganya hustahimili, hivyo aina ya shina huchaguliwa kwa makini, na wakati wa kuhamishia mche shambani kiungo huachwa juu ya ardhi, kwa sababu kikifukiwa nyanya huotesha mizizi yake yenyewe, na bakteria hupitia humo.