Ukipoteza kazi Tanzania: Nani hulipwa, kwa muda gani, na barua ipi huharibu madai

Katika miji ya mpakani kama Namanga, Sirari, Mutukula na Tunduma, mtu anaweza kuwa karani wa ghala leo na kesho akawa anavusha mzigo wake mwenyewe. Mzigo ukipungua, ghala linafungwa, wakala wa forodha anapunguza watu, na swali la kwanza la aliyeachishwa huwa moja: nitaishi na nini hadi nisimame tena?

Tanzania Bara ina jibu ambalo Kenya na Uganda bado hazina. Mfanyakazi wa sekta binafsi aliyepoteza ajira anaweza kulipwa fao la kukosa ajira na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Lakini fao hili lina masharti, na wengi hulikosa kwa sababu ya karatasi.

Lilikotoka

Hadi miaka michache iliyopita, wanachama walizoea fao la kujitoa. Kazi ikiisha, mtu alichukua michango yake, akafungua duka au akanunua mzigo wa kwanza. Mwaka 2018 sheria ilibadilika. Mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri, na fao la kujitoa likapisha fao la kukosa ajira. Hoja ilikuwa kwamba akiba ya uzeeni isiliwe ujanani. Wafanyakazi wengi walilalamika, na malalamiko yao yanaeleweka: waliokuwa wakitegemea mkupuo wa kuanzia biashara sasa hupewa fedha za kujikimu kwa miezi michache.

Masharti na hesabu

Anayestahili ni raia wa Tanzania, hajafikisha miaka 55, amechangia kwa miezi isiyopungua 18, kazi imekoma bila yeye kuiacha kwa hiari, na anathibitisha kuwa hajapata ajira nyingine.

Akitimiza hayo, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Aliyekuwa akipokea Sh600,000 atapata takriban Sh200,000 kwa mwezi, yaani karibu Sh1.2 milioni kwa miezi yote sita. Akipata ajira kabla muda huo haujaisha, malipo hukoma. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa kwa mkupuo nusu ya michango yake.

Kumbukumbu za mwanachama hazifutwi. Akirudi kazini, anaendelea kuchangia kuelekea pensheni, ambayo huhitaji michango ya miezi 180.

Barua ndiyo kesi

Madai hupelekwa ofisi ya NSSF kwa fomu ya madai, ikiambatana na kitambulisho cha Taifa, namba ya uanachama, taarifa za akaunti ya benki na barua ya mwajiri inayoeleza jinsi ajira ilivyokoma. Barua hiyo ndiyo yenye uzito kuliko vyote.

Mwajiri anayetaka kupunguza watu bila usumbufu anaweza kumwambia mfanyakazi: "Andika tu barua ya kuacha kazi, tumalizane vizuri." Anayekubali amejifungia mlango. Kwenye karatasi atakuwa ameacha kazi kwa hiari yake, na aliyeacha kwa hiari hana fao. Kama umepunguzwa, barua iseme umepunguzwa. Kama mkataba umekwisha, iseme umekwisha, pamoja na tarehe. Omba pia cheti cha utumishi. Sheria ya ajira inamtaka mwajiri akitoe.

Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku hizo hupita upesi kwa anayesubiri ahadi za mdomo.

Malipo ya NSSF hayafuti anayodaiwa mwajiri. Aliyefanya kazi miezi 12 au zaidi mfululizo, akaachishwa kwa sababu za kibiashara, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, kwa kikomo cha miaka 10.

Nawe unayeajiri

Mfanyabiashara mwenye karani mmoja na mlinzi mmoja naye ni mwajiri. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Kwa mshahara wa Sh300,000, kinachopelekwa NSSF ni Sh60,000 kila mwezi, na cha mfanyakazi humo hakizidi Sh30,000. Ukimkata bila kupeleka, siku ya madai atakutwa hana miezi 18 hata kama amekutumikia miaka mitatu. Mfanyakazi naye asisubiri siku hiyo. Akague michango yake mapema na kutunza hati za mishahara, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Ng'ambo ya mpaka

Ukivuka kuingia Kenya, hakuna fao la kila mwezi la kukosa ajira. Kinga iliyopo imo katika Sheria ya Ajira ya 2007: anayepunguzwa kazini hulipwa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza, baada ya notisi isiyopungua mwezi mmoja. Uganda nayo huruhusu mwanachama wa NSSF yake kuchukua akiba akiwa amefikisha miaka 50 na amekaa mwaka mzima bila kazi. Kijana wa miaka 30 aliyeachishwa Busia hana cha kuchukua kwa njia hiyo.

Hapo ndipo soko la pamoja linapopungukiwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inasema mfanyakazi kutoka nchi mwanachama anapaswa kufaidi hifadhi ya jamii kama wafanyakazi wa nchi aliyomo, na inalitaka Baraza la Mawaziri litoe maelekezo na kanuni kuhusu mafao hayo. Lakini sharti la uraia linamweka kando Mkenya au Mrundi anayechangia NSSF ya Tanzania. Mzigo umeundiwa vituo vya pamoja vya forodha ili usikaguliwe mara mbili. Michango ya anayeushusha mzigo huo bado inaishia mpakani.

Kwa hiyo anayefanya kazi nje ya nchi yake aulize mambo mawili kabla ya kusaini mkataba: nitakatwa kiasi gani, na nikiachishwa nitaondoka na nini. Na anayefanya kazi kwao asiweke saini kwenye barua ya kuacha kazi ambayo hakuiomba.