Kabla hujanunua Discovery 3 ya bei nafuu, iache ilale usiku mmoja

Msimu wa ufuta au korosho ukiisha vizuri, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: nimeona Land Rover Discovery 3 mjini, inauzwa karibu na bei ya gari dogo la kawaida, je, ninunue? Gari lenyewe linavutia. Lina viti saba, ngozi ndani, linapanda mlima wenye tope, na ukifika nalo kwenye msiba au harusi hakuna asiyegeuka kutazama. Jibu letu si ndiyo wala hapana. Inategemea gari lile moja uliloliona na unapoishi.

Discovery 3 ilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 2004 hadi 2009, ilipopisha Discovery 4. Wakati ule ilikuwa gari la watu wenye uwezo. Miaka imepita na bei ya gari imeporomoka, lakini bei ya vipuri vyake haikuporomoka nayo. Pampu, sensa na kompyuta zake bado ni za gari la kifahari. Ndiyo maana wenye nazo huamua kuuza siku taa za dashibodi zinapoanza kuwaka moja baada ya nyingine.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo Discovery 3 zote unazoziona huko ziliingia zamani na zimeshapita mikono kadhaa. Tanzania bado mtu anaweza kuagiza gari la umri huo, ila hulipa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Kwa wengi wetu basi, gari hili tutalipata kwa mwenye nalo mjini, mara nyingi kupitia dalali.

Jambo la kuelewa kuhusu gari hili ni kwamba kitu kidogo kilichopuuzwa huua kitu kikubwa. Ukilijua hilo utajua pa kutazama kabla ya kutoa pesa, na baadaye utajua lipi la kufanya leo na lipi linaweza kusubiri mavuno yajayo.

Tuanze na upepo

Discovery 3 nyingi hazina springi za chuma. Mahali pa springi kuna mifuko minne ya mpira mzito iliyojaa upepo, mmoja kila tairi. Chini ya gari, upande wa kushoto, kuna pampu ya umeme inayojaza mifuko hiyo. Sensa nne hupima gari liko juu kiasi gani, na kompyuta huamua lipande au lishuke. Katika hali ya kawaida sehemu ya chini ya gari iko takriban milimita 185 kutoka ardhini. Ukibonyeza swichi ya njia mbaya, gari hujiinua hadi milimita 240. Kwa barabara zetu za vijijini, hapo ndipo utamu wake ulipo.

Mpira huzeeka. Mifuko hupasuka taratibu kwenye mikunjo yake, na vumbi huharakisha kazi hiyo. Mwanzoni ni ufa mdogo ambao hata jicho halioni. Upepo unavuja kidogo usiku, asubuhi kompyuta inaiamuru pampu ijaze. Pampu ile iliundwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi na kupumzika. Sasa inafanya kazi kila mara, inapata joto, silinda yake inaisha, halafu siku moja rilei yake inaganda, pampu inazunguka bila kusimama hadi inaungua. Mwenye gari aliyeahirisha kununua mfuko mmoja anajikuta ananunua mfuko na pampu.

Kwa hiyo kabla ya kununua, omba gari lilale usiku mmoja mahali tambarare. Jioni, likiwa kwenye kimo chake cha kawaida, chukua futi kamba au hata fimbo iliyonyooka, upime kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa madigadi juu yake. Andika namba nne. Asubuhi, kabla mtu hajawasha injini, pima tena. Kushuka kidogo si ajabu kwa gari la umri huu. Likiwa limelala chini kabisa, kuna mahali panapovuja.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Gari hili likiwa limezimwa, kompyuta yake huamka baada ya saa kadhaa na kulisawazisha kwa kushusha pembe nyingine zifuate ile iliyoshuka. Mfuko mmoja tu ukivuja, asubuhi utakuta gari zima limeshuka, na fundi atakwambia mifuko yote minne imekufa. Usikubali haraka. Mwambie achomoe fyuzi ya mfumo wa upepo jioni. Hapo kompyuta haitaamka, na pembe inayovuja itajionyesha yenyewe. Kisha chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, lowesha mfuko na maungio ya mpira wake, utazame mapovu.

Muuzaji akikupokea injini ikiwa tayari inanguruma na gari limesimama juu kama jogoo, mwambie utarudi siku nyingine.

Kuhusu usalama, hili si la mzaha: usiingie chini ya gari hili kwa kutegemea jeki peke yake. Lina uzito wa takriban tani mbili na nusu, na mfuko ukitoa upepo ghafla linashuka bila kukuonya. Weka stendi imara chini ya chasisi, kila upande unaofanyia kazi, hata kama ni kazi ya dakika mbili.

Wapo wanaoamua kung'oa mifuko yote na kufunga springi za chuma. Wapenzi wa gari hili hukunja uso wakisikia hivyo. Mimi sioni aibu yake. Kama unaishi mbali na fundi mwenye mashine ya kusoma mfumo wa upepo, springi ya chuma haikulazi njiani. Utapoteza ule uwezo wa kujiinua, gari litainama nyuma ukipakia magunia, na lazima kompyuta iambiwe kwamba upepo haupo tena, la sivyo taa haitazimika. Hayo yapime kwa matumizi yako.

Mkanda usioonekana

Injini ya dizeli ya gari hili ni ya lita 2.7, silinda sita. Ina nguvu na haili mafuta kwa fujo ukilinganisha na uzito wake. Ila ina mkanda wa taimingi mbele na mkanda mwingine mdogo nyuma, unaozungusha pampu ya dizeli. Kwa magari ya Uingereza, kiwanda kilitaka mikanda hiyo ibadilishwe kila maili 105,000, yaani takriban kilomita 169,000, au kila miaka 7, lipi litangulie.

Wengi husoma kilomita na kusahau miaka. Gari la mwisho kabisa lilitoka mwaka 2009, kwa hiyo hata kama dashibodi inaonyesha kilomita chache, mikanda ya kiwandani muda wake ulikwisha zamani. Mkanda wa mbele ukikatika, pistoni hukutana na valvu, na hapo hakuna tena mazungumzo ya matengenezo madogo. Huwezi kujua hali ya mkanda kwa kusikiliza injini. Unachohitaji ni risiti yenye tarehe na namba ya gari. Hakuna risiti? Hesabu kwamba haujabadilishwa, na upunguze gharama hiyo kwenye bei. Na fundi anapofungua mbele, mwambie asisahau ule wa nyuma. Kwa injini za miaka ya mwanzo, akague pia pampu ya oili, kwa sababu zipo zilizopasuka pale kishikio cha mkanda kinapofungwa.

Injini hii ina sifa nyingine mbaya: krenkishafti zake zimewahi kukatika au kukwama, hata kwa magari yaliyotunzwa. Hakuna kipimo cha uwanjani kitakachokuhakikishia. Unachoweza kufanya ni kuipa oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kuibadilisha mapema. Uingereza waliruhusu hadi maili 15,000 kwa oili moja. Kwa vumbi letu, mimi nisingevuka kilomita 8,000.

Zipo pia za petroli, na nyingi za zilizotoka Japani ni hizo. Ile ya lita 4.4, silinda nane, inatumia cheni badala ya mkanda na haina taabu nyingi. Taabu yake ni kituo cha mafuta. Kama safari yako ni ya kwenda shamba na kurudi mara mbili kwa wiki, huenda ikakufaa kuliko dizeli. Kama unasafiri kila siku, utaichukia.

Maji, giaboksi na umeme

Mifumo ya kupozea injini ya magari haya ina viungo vya plastiki, hasa pale penye themostati. Plastiki iliyopikwa kwa miaka zaidi ya kumi hupasuka kama ganda la yai. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, tazama chupa ya kulanti. Kiwango kikishuka kila wiki, usiendelee kuongeza maji ya kisima ukashukuru kwamba tumefika, tafuta panapovuja. Maji ya kisima yana chumvi na hula chuma kwa ndani, kulanti ina dawa ya kuzuia hilo. Na kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Giaboksi ya nyingi ni ya otomatiki, gia sita, ya kampuni ya ZF ya Ujerumani. Land Rover walisema oili yake ni ya maisha yote ya gari. ZF wenyewe, waliolitengeneza giaboksi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Ningewasikiliza ZF. Sinia la chini ni la plastiki na chujio limo humohumo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Unapolijaribu gari, endesha polepole kisha ongeza mwendo kidogo kidogo. Likitetemeka kama limepita kwenye barabara ya makunyanzi wakati lami ni laini, oili hiyo imechelewa, au tatizo ni kubwa zaidi.

Upande wa umeme una hadithi nyingi, lakini nyingi huanzia kwenye betri. Betri ikichoka, kompyuta za gari hili huanza kulalamika hovyo: mara upepo una hitilafu, mara giaboksi, mara breki ya mkono. Watu wameuziwa pampu na sensa kumbe ni betri. Nunua mita ndogo ya fundi umeme, haina bei kubwa. Gari likiwa limepumzika tangu jana, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma inapaswa kuwa karibu 14. Pima hayo kabla hujamlipa mtu wa kompyuta.

Vipo vifaa vidogo unavyochomeka chini ya dashibodi na kusoma hitilafu kwenye simu. Vile vya bei rahisi vinasoma injini tu. Upepo na breki ya mkono vinahitaji kifaa cha Land Rover hasa. Wenye magari haya wilaya moja wanaweza kuchanga na kununua kimoja.

Kama gari lina dirisha la paa, mwaga kikombe cha maji pembeni ya paa likiwa wazi. Maji yanapaswa kutokea chini, nje ya gari. Mirija yake midogo ikizibwa na vumbi na majani, mvua inaingia chini ya kapeti, kwenye nyaya. Inua kapeti uguse. Unyevu huko ni sababu tosha ya kuondoka.

Lililotoka Uingereza litazame chini zaidi ya lililotoka Japani. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi kuyeyusha barafu, na chumvi hula chasisi ya nyuma na mabomba ya breki. Kutu nyepesi juu ya chuma si kitu. Chuma kinachobanduka kama ganda la mti ni kitu.

Pesa na kadi

Ushauri wangu ni huu: bei yoyote unayokubaliana, uwe na theluthi yake nyingine mkononi siku hiyohiyo. Bila hiyo usinunue, kwa sababu mwaka wa kwanza ndio unaolipia uzembe wa mwenye gari aliyepita. Na kama hili ndilo gari pekee la nyumbani, la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, na fundi anayelijua yuko mkoa mwingine, tafuta Toyota kuukuu hata kama ni ndogo.

Namba ya chasisi ina herufi na tarakimu 17, huanza na SAL. Tazama ya kumi: 5 ni modeli ya mwaka 2005, 6 ni 2006, hivyo hivyo hadi 9. Ilinganishe na kadi, na kile kinachoonekana chini ya kioo cha mbele. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari. Uliza kama kadi haijawekwa rehani mahali, na usilipe ukiwa umeona nakala tu. Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria, malipo yapitie benki au simu ili yaache kumbukumbu, kisha wewe na muuzaji mfuatane TRA kubadilisha umiliki kabla hajasafiri.