Askari na Wavu: Ulinzi wa Samaki Nchini Uganda

Mwanzoni mwa mwaka 2017 Serikali ya Uganda iliamua kwamba sheria ya uvuvi katika maziwa yake isimamiwe na wanajeshi. Kikosi maalumu cha Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda kiliundwa, kikapewa boti za mwendo wa kasi, kikatawanywa kwenye mialo na visiwa vya Ziwa Victoria na maziwa mengine ya nchi hiyo. Uamuzi huo ulisifiwa na kulaaniwa kwa wakati mmoja, na kila upande ulikuwa na sababu zake. Kwa kuwa ziwa ni moja na samaki ni wale wale, jambo hili lafaa lifahamike kwa askari wa nchi jirani, hasa yule ambaye kesho anaweza kuamriwa kuacha kambi yake na kwenda kulinda maji.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda ina sehemu kubwa ya nusu iliyobaki, na Kenya ina asilimia 6 hivi. Samaki anayegombaniwa zaidi ni sangara, ambaye si mwenyeji wa ziwa hilo: alipandikizwa katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza. Katika miaka ya 1980 aliongezeka mno, akala mamia ya aina za furu waliokuwa chakula cha watu wa pwani za ziwa, na hapo hapo akawa bidhaa ya kuuzwa Ulaya. Viwanda vya minofu vikajengwa katika nchi zote tatu. Tangu hapo sangara amekuwa fedha za kigeni, na penye fedha za kigeni Serikali haiwezi kukaa kimya.

Sheria yenyewe ni rahisi kueleza. Nchini Uganda sangara asiyefika inchi 20, yaani sentimita 50 hivi, haruhusiwi kuvuliwa. Wavu wa kumtegea sangara uwe na macho ya inchi 7 na zaidi, na wa sato inchi 5. Wavu wa kuvuta ufukweni, uitwao kokoro, umekatazwa, kwa sababu huzoa mazalio ya samaki pamoja na mayai yao. Timba, ule wavu wa uzi mmoja wa plastiki, umekatazwa pia, kwani ukipotea majini huendelea kunasa samaki wasio na wa kuwavua. Mtumbwi usipungue urefu wa futi 28. Maana ya yote hayo ni kwamba samaki apewe nafasi ya kuzaa kabla ya kufa. Sangara jike huchelewa kupevuka kuliko dume, lakini akishapevuka hubeba mayai kwa mamilioni, hivyo kuua jike mchanga mmoja ni kupoteza zaidi ya uzito wake kwenye mizani.

Mvuvi aliyekulia ziwani hapingi sheria hiyo. Anaijua hata kuliko aliyeiandika, maana ndiye anayeona wavu ukirudi mtupu. Anachopinga ni kuitii peke yake, huku jirani yake akivua usiku kwa kokoro na kupita mbele ya mkaguzi kwa kumpa kitu kidogo. Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo ya Uganda. Tangu mwaka 2003 kulikuwa na vikundi vya wavuvi wenyewe vya kulinda mialo, vikisaidiana na maafisa wa uvuvi na polisi. Baadhi ya vikundi hivyo vilifanya kazi nzuri, lakini vingine viligeuka milango ya rushwa. Mwishoni mwa mwaka 2015, uchaguzi mkuu ukiwa umekaribia, Rais Museveni alisimamisha shughuli za wasimamizi hao kutokana na malalamiko ya wavuvi. Kwa zaidi ya mwaka mzima ziwa likawa halina mwenyewe. Samaki wachanga walivuliwa kama mboga za shambani, viwanda vikakosa sangara wa kutosha, na baadhi vikafunga milango. Jeshi liliingia katika hali hiyo iliyokwisha kuharibika.

Haingekuwa haki kusema kwamba jeshi halikufanikiwa. Timba na kokoro zilipungua kwa haraka, sangara wakubwa wakaanza kuonekana tena kwenye mialo, na viwanda vilivyokuwa vimelala vikaamka. Wenye viwanda walishukuru waziwazi, na wavuvi wenye mitumbwi mikubwa na mitaji walishukuru pia. Kikosi kilikuwa na nidhamu ya amri, kilikuwa na mafuta ya boti, na askari wake hawakuwa na shangazi wala shemeji kwenye mwalo waliopangiwa.

Lakini ukosefu huo wa shangazi na shemeji ulikuwa na upande wake wa pili. Kwa mvuvi maskini, mtumbwi wa futi 22 ulioachwa na baba yake ndiyo mali yote ya nyumba. Mtumbwi huo ulipochomwa moto ufukweni, bila hati ya mahakama na bila muda wa kutafuta mwingine, nyumba ile ilibaki haina riziki, hata kama mwenyewe hakuwahi kugusa samaki mchanga. Wabunge wa majimbo ya ziwani walipeleka Bungeni malalamiko ya watu waliopigwa, waliojeruhiwa na wengine waliodaiwa kufa mikononi mwa askari. Makamanda walisema kwamba waliokosa waliadhibiwa, na kwamba baadhi ya malalamiko yalichochewa na wafanyabiashara wa zana haramu. Hoja hiyo ya pili inaweza kuwa kweli. Haimponyi aliyevunjwa mkono.

Tatizo halikuwa ukali wa askari mmoja mmoja tu. Askari hufundishwa kumkabili adui mwenye silaha, na sheria ya uvuvi ni sheria ya rula. Mkosaji wake wa kawaida ni mtu mwenye kasia, amelowa, hana silaha, na kosa lake hupimwa kwa inchi. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinaeleza kwamba risasi ya kuua haitumiwi ila pale isipoepukika katika kuokoa maisha. Mtu anayekimbia na wavu wa inchi 3 hatishii maisha ya mtu. Ngao yake ni giza na mawimbi, na dawa yake ni namba iliyoandikwa ubavuni mwa mtumbwi, ili asubuhi atafutwe nyumbani kwake kwa utaratibu wa polisi.

Wapo wanaouliza mbona Kenya ilitumia bunduki kuokoa tembo wake, na ikafaulu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini marufuku ya karatasi haikuzuia chochote. Tembo waliokuwa zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 walibaki chini ya 20,000 ilipofika mwaka 1989. Majangili walikuwa wakija na bunduki za kivita, wakiua askari wa wanyamapori wenye silaha za zamani. Mwaka huo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwaka 1990 Shirika la Wanyamapori la Kenya likaundwa, askari wake wakiwa na silaha za kulingana na zile za majangili. Lakini mwaka 1989 huo huo mkutano wa kimataifa wa Lausanne ulifunga biashara ya pembe duniani, na bei ikaanguka. Bunduki ilimzuia jangili porini wakati soko lilipokuwa likifungwa nyuma yake. Tena adui yule alikuwa anafyatua risasi.

Tanzania nayo ina somo lake lililo chungu. Operesheni Tokomeza, iliyoanza Oktoba 2013 kwa kuwashirikisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, ilikamata majangili na silaha, lakini ilisimamishwa baada ya wiki chache kwa sababu ya mateso na vifo vya wananchi. Desemba ya mwaka huo mawaziri wanne waliondolewa. Tembo waliendelea kuhitaji ulinzi, na kazi hiyo ikabidi ianzwe upya kwa njia nyingine.

Ziwa Victoria nalo lina watu wa bunduki, na hilo lisifichwe. Wapo maharamia wanaowavamia wavuvi usiku, kuwanyang'anya mashine za mitumbwi na samaki, na kuwaacha wakielea bila nguvu ya kurudi. Hapo askari mwenye silaha ana kazi yake halali, na mvuvi humngoja kwa hamu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi za Maziwa Makuu kuweka alama kwenye silaha za Serikali na kuwakataza raia kumiliki bunduki za rashasha. Bunduki yenye alama ikikutwa mikononi mwa haramia huonyesha ilitoka ghala gani. Ni swali lisilopendeza kwa jeshi lolote, lakini ndilo linalofupisha upelelezi.

Kisha kuna mpaka, ambao sangara haujui. Kisiwa cha Migingo, jiwe lisilofika hata ekari moja, kilizitia Kenya na Uganda katika mzozo kwa sababu ya polisi waliopelekwa huko kutoza kodi na kukamata wavuvi. Mwaka 2009 nchi hizo zilianza kupima mpaka kwa pamoja. Uganda ikashikilia kwamba hata kama jiwe ni la Kenya, maji yanayolizunguka ni ya Uganda. Kenya, kwa upande wake, iliunda mwaka 2018 kikosi cha walinzi wa pwani kwa sheria ya Bunge, kikiwa na mamlaka yaliyoandikwa juu ya uvuvi, magendo na uokoaji. Mvuvi aliyekamatwa na kikosi cha namna hiyo anajua kifungu anachoshtakiwa nacho, na afisa anajua mwisho wa madaraka yake.

Sheria za nyavu si ngeni katika ziwa hili. Mtaalamu Mwingereza Michael Graham, aliyelichunguza mwaka 1927 na 1928, alishauri macho ya wavu yasipungue inchi 5, na mwaka 1933 ikawa sheria. Nyavu ndogo ziliendelea kupatikana, wavuvi wakaendelea kuzitumia, na katika miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika zikaifuta sheria hiyo kwa kuwa haikuwezekana kuisimamia. Leo timba haifumwi na mvuvi. Hutengenezwa kiwandani, hupita bandarini na forodhani, huuzwa dukani na kulipiwa. Samaki mchanga aliyekaushwa kwa chumvi, kayabo, hupakiwa kwenye malori na kuvuka vituo vya mpaka kuelekea Kongo mchana kweupe. Bondo la sangara, linalouzwa Asia kwa bei inayoushinda mnofu wenyewe, hukusanywa na madalali wanaojulikana kwa majina katika kila mwalo. Katika vituo hivyo vyote wapo maafisa wa forodha na polisi wenye vitabu vya ukaguzi, na mzigo mmoja wa nyavu ukizuiwa bandarini ni mamia ya mitumbwi ambayo haitalazimika kufukuzwa usiku.

Nchi tatu za ziwa zina chombo chao cha pamoja, Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na kuwekewa makao yake Jinja, nchini Uganda. Chombo hicho huhesabu samaki, mitumbwi na nyavu, na hupendekeza vipimo. Hakina boti ya doria wala askari, na hakina uwezo wa kuilazimisha nchi yoyote kufunga duka la nyavu haramu. Madaraka hayo yamebaki Kampala, Nairobi na Dodoma.